Dalali Asikushikie Mahari Yako



Leo tunaweka pembeni hina na mapambo ya ukumbi, tuzungumze nyumba. Sisi ni mtu na wifi yake, tunashona mavazi ya maharusi, na mteja akishasimama mbele ya kioo apimwe huzungumza mengi. Siku hizi tunasikia jambo la kufurahisha: bibi harusi hataki mahari yote iishie kwenye seti ya dhahabu na kabati la vyombo. Anataka kijumba chake, hata cha vyumba viwili. Na kwa kuwa bei za Unguja mjini zimepanda, na ndugu zetu wengi wako ng'ambo, macho yanakwenda Bagamoyo na njia nzima inayotoka Dar es Salaam: Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mpaka Bagamoyo yenyewe.

Kisha tunasikia lisilofurahisha. Bibi harusi hajamwona mwenye nyumba, hajashika karatasi hata moja, lakini dalali ameshakula. Amekula ya kuonyesha, amekula ya kushikia, na sasa anasubiri asilimia 10. Akilalamika, wakubwa wanamwambia atulie, ndivyo mji ulivyo.

Sisi tunasema hapana. Dalali ana haki ya ujira wake. Hana haki ya kushika pesa yako, kuhesabu pesa yako, kukuficha mwenye mali, wala kukuchagulia mwanasheria. Akikuambia hayo ndiyo masharti ya bei yako kukubaliwa, anakudanganya.

Hatumchukii dalali

Tuliweke wazi hili mapema, maana kuna watakaosema tunawaharibia watu riziki. Dalali na dalili ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kuonyesha. Kazi yake ni kuonyesha, na kazi hiyo dini haikuikataza. Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu wa ujira wa dalali, akataja wanavyuoni wa mwanzo, wakiwemo Ibn Sirin na Ataa, ambao hawakuona ubaya ndani yake.

Na dalali mzuri ana faida. Anajua nyumba ipi kisima chake kina chumvi, barabara ipi hujaa maji wakati wa masika, mzee yupi anauza kweli na yupi anapima upepo tu. Anatembea juani, anatia mafuta kwenye pikipiki. Mtu huyo alipwe, tena alipwe vizuri.

Lakini tazama na upande wa pili. Mthamini wa nyumba anasajiliwa na bodi. Wakili jina lake limo kwenye orodha ya mawakili, na akikosa unajua pa kumshitaki. Dalali wa barabarani ana simu na pikipiki. Akibadilisha laini, umempoteza.

Na Bagamoyo ina jambo lake la ziada. Mwaka 2013 Tanzania ilisaini na Wachina makubaliano ya bandari kubwa pale Mbegani. Mwaka 2019 mradi ukasimama kwa sababu ya masharti yake, na mwaka 2021 Serikali ikasema itaufufua. Kila habari ya bandari ikitoka, unasikia bei imepanda kabla jiwe halijawekwa. Nyumba ya tofali za kuchoma iliyo mbali kabisa na bahari, dalali anakwambia "hapa ni bandarini". Ukimuuliza bandari iko wapi, anakuonyesha kidole kwenye minazi.

Madai yenyewe, moja baada ya jingine

La kwanza ni pesa ya kuona. Elfu kumi, elfu ishirini, unalipa kabla mguu haujatoka. Ukimlipia mtu nauli na muda wake hatuna neno. Lakini wapo ambao hiyo ndiyo biashara yao yote. Nyumba imeshauzwa zamani, au haiuzwi kabisa, na wanazungusha watu watano kwa siku kuitazama kwa nje. Kwa hiyo mwambie: nauli nitakulipa tukifika, nikishaingia ndani na mwenye nyumba au mtu wake akatufungulia.

La pili ni "bajeti yako ngapi, nionyeshe". Hili limeanza kuwa kali. Dada anataja bei yake, dalali anasema mwenye nyumba hapokei bei ya mtu ambaye hajaonyesha salio la benki au la simu. Dada zetu, dalali anafanya kazi ya muuzaji, na hata ukimlipa wewe, mfuko wake unajaa bei inapopanda. Ukimwonyesha una milioni 45, nyumba ya milioni 38 itageuka kuwa ya milioni 45 usiku huohuo. Sisi dukani mteja akija hatumwambii fungua pochi tuone ndipo tukuonyeshe kitambaa. Tunataja bei, anataja yake, tunakubaliana. Uwezo wako wa kulipa unauonyesha siku ya kuandikiana, mbele ya wakili na mwenye mali, si kibarazani kwa dalali.

La tatu ni la kushikia. "Toa laki tano, dada, kuna mteja kutoka Muscat anakuja kesho na taslimu." Huyo mteja wa Muscat tunamjua sana. Kila nyumba anakuja kesho. Kumtia mtu haraka kwa mnunuzi wa uongo ndiyo najshi ambayo Mtume (S.A.W.) ameikataza, kupandisha bei kwa mtu asiye na nia ya kununua. Tena ni ajabu zaidi, maana mwenye pasi ya Oman na si raia wa Tanzania hapati ardhi huku kwa wepesi wa raia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa ilimruhusu mgeni kwa shughuli za uwekezaji tu. Kwa hiyo hata huyo anayekutisha naye, mara nyingi ana kizuizi kuliko wewe.

Arubuni yenyewe ina maneno kwa wanavyuoni. Wengi wao, na madhehebu yetu ya Shafi ndani yake, hawakuikubali ile ambayo mnunuzi akighairi inaliwa. Hanbali wameikubali. Mwaka 1993 wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walipokutana Brunei waliiruhusu kwa sharti la kuwekewa muda maalumu. Muulize sheikh wako ufuate kauli ipi. Lakini katika kauli zote hizo, arubuni anapewa muuzaji. Hakuna aliyesema apewe dalali, kwa simu, bila karatasi, bila muda.

Na msituambie sisi mafundi hatujui advansi. Tunachukua. Bibi harusi akitupa advansi, tunamwandikia risiti, tunanunua kitambaa chake, na kitambaa kipo, akija anakishika. Dalali anayeshika laki tano zako amekununulia nini?

La nne ni kukuficha mwenye nyumba. Mzee hapatikani, mzee mgonjwa, mzee ameniachia mimi kila kitu. Kama kweli amemwachia, kuna waraka wa uwakilishi uliosainiwa mbele ya wakili, auonyeshe. Kama hakuna, ujue anamficha mzee kwa sababu ya bei.

La tano ni "wakili wetu". Wakili anayeletwa na dalali, akalipwa kupitia dalali, hatakuambia usinunue. Tafuta wako.

Cha juu

Hapa ndipo pesa kubwa inapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Tulikwenda kuangalia nyumba upande wa Kiromo, tukitafuta mahali pa kuweka vyerehani vyetu na pa kulala. Dalali akasema milioni 48, bei ya mwisho, na yeye asilimia 10 kutoka kwetu. Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa anakaanga samaki, ndiye aliyetuelekeza kwa mwenye nyumba. Mzee yuko mzima, yuko kwake, anasoma msahafu. Bei yake aliyomtajia dalali ilikuwa milioni 40, na alishakubali kumlipa dalali kutoka humohumo.

Piga hesabu. Milioni 8 za juu ambazo mzee hazijui. Milioni 4 na laki 8 za asilimia kumi yetu. Jumla milioni 12 na laki 8, mbali na zile atakazopewa na mzee. Sisi gauni la harusi likituachia faida ya laki moja na nusu tunamshukuru Mungu. Hayo ni magauni 85. Hayo ni macho yetu ya usiku kucha kwa misimu kadhaa, tukishona lulu moja moja, yaende kwa mtu aliyeendesha pikipiki mchana mmoja.

Tulipomuuliza, alijitetea kwa dini. Akasema cha juu ni halali, kipo vitabuni. Na kweli kipo, hatutakificha. Bukhari ametaja kauli ya Ibn Abbas kwamba hakuna ubaya mwenye nguo kumwambia dalali auze, kitakachozidi bei fulani kiwe chake. Wanavyuoni wengi hawakuikubali kwa sababu ujira haujulikani, lakini kauli ipo. Isome vizuri, dada. Anayesema "kitakachozidi ni chako" ni mwenye nguo. Anajua na ameridhia. Dalali wetu wa Kiromo, mzee hakumwambia hivyo, na sisi alituapia kuwa 48 ni bei ya mzee. Amemficha mmoja, amemdanganya mwingine, kisha amempa Ibn Abbas mzigo wa kubeba. Hiyo si fatwa, ni kujifunika kanzu.

"Mwanaume wako yuko wapi?"

Kuna dai jingine halitajwi kwa bei lakini linauma. Mwanamke akitaja bei, dalali anauliza mumeo yuko wapi, au kaka yako aje tuzungumze wanaume.

Mahari ni yako. Surat An-Nisaa aya ya 4 imewaamrisha wanaume watupe mahari yetu, na hakuna wa kuigusa ila kwa ridhaa yetu. Sheria ya nchi nayo haijanyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema hivyohivyo kuhusu mwanamke na ardhi. Kwa hiyo anayekataa bei yako kwa sababu ni ya mwanamke hana aya wala kifungu.

Lakini kwenda na kaka, mume au mama mkubwa ni jambo tunalolipenda sisi wenyewe, kwa sababu nyingine. Usiingie nyumba tupu na mwanaume asiye maharimu wako. "Njoo peke yako jioni, wateja wengi mchana" si ratiba ya kuonyesha nyumba. Nenda mchana, nenda na mtu. Jina litakaloandikwa kwenye karatasi liwe lako.

Karatasi ambazo dalali hana haraka nazo

Dalali ana haraka na pesa. Muulize karatasi uone haraka inavyokwisha. Hizi ndizo za kuuliza kabla hujataja bei.

Kwanza, nyumba ina nini? Hati miliki, leseni ya makazi, ofa, au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu? Kama ina hati, wakili wako aende kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi aone jina la nani limo na kama imewekwa rehani benki. Kama ni ardhi ya kijiji, uongozi wa kijiji ndio wa kuulizwa, si dalali.

Pili, nyumba ni ya nani hasa? Bagamoyo ni mji wa zamani. Nyumba nyingi ni za marehemu, na warithi wake wako Dar, Tanga, Unguja na kwingineko. Dalali anakuletea mrithi mmoja mwenye shida ya pesa. Wewe uliza barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na uliza wengine wanajua. Ukinunua fungu la yatima bila kujua, nyumba utanyang'anywa, na dhambi hatujui utaiweka wapi.

Tatu, si wakfu? Wazanzibari mnaijua Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Bara nako kuna majumba na mashamba ambayo wazee waliyawekea msikiti au madrasa. Wakfu hauuzwi. Waulize wazee wa msikiti wa jirani. Ni swali la dakika tano baada ya alasiri.

Nne, muuzaji ana mke? Kifungu cha 59 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Huyo mke ni dada yako. Usijenge furaha yako juu ya kitanda alichotolewa mwenzako. Taka kumwona, taka saini yake.

Halafu andikianeni. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara imetufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi tunapouziana, na Sheria ya Ardhi kifungu cha 64 inasema mkataba wa kuhamisha milki usioandikwa hausimami. Mara chache sana utaona kitabu na mahakama vikikubaliana waziwazi namna hii, na bado mtu anakwambia "tunaaminiana, dada".

Wanaosema bila hivyo hupati nyumba

Tumeshaambiwa: mkifanya ukaidi, dalali atampelekea mwingine. Ni kweli, moja moja zitakupita. Iliyokupita kwa sababu umetaka kumwona mwenye nyumba, shukuru imekupita.

Na wanaosema haya wanasahau jambo moja. Dalali anatamba kwa sababu kila mwanamke anakwenda peke yake, anaona haya kuuliza, harusi iko karibu na wakwe wanangoja. Tukiwa wote tunauliza maswali yaleyale, huyo dalali atampelekea nani? Mafundi wa Darajani walipozoea wateja wa kudai risiti, waliandika risiti. Desturi huletwa na watu, na watu huiondoa.

Kwa hiyo tunawaomba mseme hivi, kwa adabu na uso mkunjufu:

"Kaka, ujira wako ni shilingi ngapi? Tuuandike sasa."

"Nani anakulipa, mimi au mwenye nyumba? Kama ni wote wawili, kila mmoja ajue."

"Nitakulipa siku ya kusaini, mezani kwa wakili."

"Bei yangu nitamtajia mwenye nyumba nikiwa nimekaa naye, na wewe uwepo."

"La kushikia nitampa mwenye nyumba, kwa karatasi yenye tarehe na mashahidi."

Dalali mwaminifu atakubali, maana hana cha kupoteza. Wapo, na tumewapata. Ukimpata wa namna hiyo mlipe siku hiyohiyo kabla jasho halijakauka, mpe na zawadi juu kwa radhi yako, na mpeleke kwa wenzako. Akikasirika kwa maswali matano, ameshakujibu.

Kwa mama na mashangazi wa maharusi tuna neno la mwisho. Mnakaa wiki nzima kujadili rangi ya sare na idadi ya sinia za pilau. Chukueni alasiri moja, kaeni na mwari, mfundisheni kuuliza hati, mirathi, wakfu na ujira. Gauni letu atalivaa siku moja, kisha litakunjwa. Nyumba atalala humo na watoto wake.

Allah awape wari wetu nyumba zenye baraka, zilizonunuliwa kwa ukweli wa pande zote, na awalinde na haraka za watu wenye njaa ya mali za wenzao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.